Siku Moja Genova na Mama, Mji Usio na Baraza

Mama alikuja Italia kwa wiki tatu, mwezi wa Oktoba, na katika wiki tatu zote hizo siku niliyokuwa huru kutwa nzima ni moja: Jumatatu. Nipo Milano mwaka wa sita sasa, nafanya kazi jikoni kwenye mkahawa, na Jumatatu ndiyo siku tunayofunga. Nikasema basi nimpeleke penye bahari, maana hata wiki haijaisha alishaanza kuniuliza, "Mwanangu, huku upepo unatokea wapi?" Mtu aliyezaliwa Malindi ya Unguja, hatua chache kutoka bandarini, ukimweka Milano ni kama umemfungia kabatini.

Genova ni kama saa mbili kasoro kwa treni ya kawaida. Nilikuwa nimeshafika mara mbili, peke yangu, na nikajiona mwenyeji. Safari niliyoipanga ilikuwa ya miguu yangu, si ya magoti ya mwanamke wa miaka 67. Kwenye simu nilikuwa na orodha ya mahali kumi na nne. Tuliona nane, na katika hizo nane mbili tuliziona tukiwa tumeshanuniana. Kama unamsubiri mzazi wako aje umtembeze, soma nilipojikwaa.

Kwanza treni. Siku zote mimi hukata tiketi kwenye simu, lakini mama alitaka karatasi, "nikaoneshe nyumbani kwamba nilipanda." Nikanunua mbili kwenye mashine. Tukakimbia, tukapanda, tukakaa, mama akafungua mfuko wa visheti. Treni ikaondoka saa moja na dakika ishirini. Baada ya nusu saa akaja mkaguzi, akazigeuza zile karatasi huku na huku, akaniuliza mhuri uko wapi. Nikahisi jasho likinishuka mgongoni. Miaka sita nchini humu, na nimesahau jambo ambalo mgeni wa siku mbili huambiwa: tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge kwenye kile kimashine kidogo cha ukutani kabla hujapanda. Usipoigonga ni kama hukununua. Na msidhani ya simu imesalimika, nayo siku hizi huna budi kuithibitisha kabla hujapanda. Faini niliyolipa palepale ilizidi nauli yetu sote wawili ya kwenda na kurudi. Nilijaribu kumweleza mkaguzi kuhusu mama na kumbukumbu yake ya karatasi, akanisikiliza kwa adabu, akaendelea kuandika.

Mama hakusema kitu. Aliomba tu ile risiti ya faini, akaikunja, akaitia pochini.

Ukienda Genova kutazama mji wa kale, shuka Piazza Principe, usisubiri Brignole. Nje ya stesheni utamkuta Christopher Columbus wa marumaru, mtoto wa mji huu, juu ya nguzo yake. Mama akamtazama. "Huyu si ndiye aliyepotea njia akafika Marekani?" Nikamwambia ndiye. "Na wakamjengea sanamu." Tukaendelea.

Via Balbi ina majumba makubwa, lakini njia ya miguu ni nyembamba na mabasi yanakupitia karibu na bega. Usimchoshe mzee hapo. Nguvu ziweke kwa ajili ya Via Garibaldi, barabara fupi unayoimaliza kwa dakika tano kama una haraka, iliyojengwa na matajiri wa Genova karne ya 16, jumba kwa jumba, kila mmoja akimkoga mwenzake. Mwaka 1576 serikali ya mji iliandikisha majumba haya kwenye orodha walizoziita rolli: akija mfalme, balozi au kadinali, jina linapigiwa kura, na jumba litakalotoka ndilo linalompokea mgeni. Huna la kusema. Nilipomweleza mama hilo, ndipo alipoanza kuufurahia mji. Ugeni usiokataliwa anaujua. Akataka kujua kama mwenye nyumba hupewa taarifa mapema, na nani huonja chakula. Nikamwambia na haya: UNESCO iliyaweka majumba haya kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na Mji Mkongwe wetu uliingia mwaka 2000. Akatabasamu, akatengeneza mtandio wake. "Basi sisi ndio wakubwa."

Furaha hiyo ilikomea mlangoni pa Palazzo Tursi. Humo ndani mna fidla ya Paganini, mpiga fidla mashuhuri wa Genova, iliyotengenezwa na fundi Guarneri del Gesù mwaka 1743, na mwenyewe aliuachia mji wake alipokufa. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga fidla wa taarab. Fidla yake ipo nyumbani hadi leo, nyuzi mbili hazipo, na mama haruhusu mtu kuigusa. Safari nzima ya Genova, nikisema kweli, niliipanga kwa sababu ya chombo hicho kimoja. Na siku ile ilikuwa Jumatatu, makumbusho yamefungwa.

Sikuwa nimeangalia. Nilijua siku yangu ya mapumziko, sikujua siku yao. Italia makumbusho mengi hufunga Jumatatu, na mimi ninayefunga mkahawa Jumatatu ndiye niliyepaswa kulikumbuka hilo kuliko mtu yeyote. Mama alishika chuma cha lango kwa muda, akachungulia uani. "Imo humu?" Imo. "Na haipigwi?" Nikamwambia hupigwa mara mojamoja, na wapigaji wakubwa tu. Akasema, "Ya kakangu angalau tunaifuta vumbi." Sikujua ananituliza mimi au yeye mwenyewe.

Kuanzia hapo tukaingia vichochoroni, wenyewe wanaviita caruggi. Hapa Mzanzibari hujiona yuko nyumbani kwa dakika kumi za mwanzo. Njia zimebana kiasi kwamba watu wawili wakipishana mmoja hupindisha bega, nguo zimeanikwa juu, jua linaingia kwa kipande. Tofauti ni urefu: nyumba hupanda ghorofa sita, saba, na chini huku ni magharibi saa nne ya asubuhi. Milango yetu ina nakshi za mbao, yao wameichonga kwa jiwe jeusi la kibamba, na juu ya mingi utamwona Mtakatifu George akimchoma joka. Kwenye pembe za nyumba kuna vikanisa vidogo vya ukutani vya Bikira Maria. Mama alivitazama kwa heshima, akapita.

Simu humo haikusaidii. Kuta ndefu zinaizubaisha, inakuonesha uko mtaa wa pili, mara imekurudisha nyuma. Dawa ni ile tunayowapa watalii Mji Mkongwe: mji unateremkia bahari, ukipotea fuata mteremko. Mimi kwa kiburi nikaendelea kufuata simu. Nilikuwa natafuta duka moja la focaccia, mkate bapa wa huku, nililowahi kula, nina anwani kamili, nambari 18. Nikaifika nambari 18: mlango wa nyumba ya watu. Nikarudi, nikazunguka, nikaulizia. Robo saa nzima. Mama nyuma yangu na makubadhi yake ya ngozi, mvua imeanza kunyunyiza. Bibi mmoja aliyebeba kikapu ndiye aliyetuonea huruma, akanyoosha kidole juu ya mlango. Genova kuna namba za aina mbili katika mtaa mmoja: nyeusi za makazi, nyekundu za biashara, na hazifuatani. Nambari 18 nyeusi iko huku, 18 nyekundu inaweza kuwa mbali nayo kabisa. Kwenye anwani utaiona herufi ndogo "r" baada ya namba. Hiyo ndiyo nyekundu. Nilikuwa nimeiona herufi ile siku zote nikadhani ni kosa la uchapaji.

Focaccia tulikula, moto, mafuta ya zeituni yakitiririka kwenye karatasi. Wanaochunga halali muulize kwanza kama kuna strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Wengi hutia zeituni tupu, lakini uliza.

Tulipotoka hapo ndipo mama alipoteleza. Mawe ya caruggi yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, yakipata mvua ni kama sabuni, na makubadhi hayana meno. Hakuanguka, alidaka ukuta, lakini goti la kulia lilijipinda. Akasimama akishika ukuta, akanipa swali ambalo limenikaa kichwani hadi leo: "Mwanangu, watu hawa hawana baraza?"

Hawana. Nilitazama juu na chini. Mji mzima wa mawe, nyumba za mamia ya miaka, na hakuna baraza hata moja ukutani ambapo mtu mzima anaweza kukaa bila kuulizwa. Kwetu kila nyumba ya maana ina baraza la mawe nje, unakaa, unapumua, kahawa inapita. Genova kukaa ni biashara. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni bei moja, ukikaa mezani ni nyingine. Mkahawani kuna coperto, euro 2 au 3 kwa kila kichwa kabla hujala kitu, na mama nilipomfafanulia alicheka kwa mara ya kwanza tangu lile goti: "Yaani tunalipia makalio?" Kwa hiyo hesabu ya siku yenu ianzie hapo. Kabla hujaandika utaona nini, andika mzee atakaa wapi, kila baada ya dakika arubaini, na utenge fedha za kukaa. Sisi siku ile tulitumia euro 14 kwenye viti tu. Bendeji ya goti katika duka la dawa ilikuwa 11.

Choo nacho kimo kwenye hesabu hiyo hiyo. Ukihitaji choo unanunua kahawa, na chooni hamna maji ya kujisafishia. Beba chupa tupu ya nusu lita kwenye mkoba. Mama alikuja na yake kutoka Unguja. Mimi ndiye niliyemcheka alipoipakia.

Kanisa kuu la San Lorenzo, lenye milia meusi na meupe, tulilifikia saa sita kasoro dakika kumi, na mchana hufungwa. Dakika kumi zikatosha kwa mambo mawili. Moja ni kombora. Asubuhi ya Februari 9, 1941 manowari za Waingereza ziliupiga mji huu kutoka baharini, kombora moja likatoboa kanisa hili, likaingia, lisilipuke. Lipo upande wa kulia, limesimamishwa chini ya maandishi ya kushukuru. Ukubwa wake ni wa mtoto wa skuli. Waingereza hao hao mwaka 1896 walilipiga jumba la Sultani wetu kwa dakika zisizofika hamsini, na yao siku ile yalilipuka. Mama alilizunguka lile kombora mara mbili bila kusema neno, halafu akalisogelea na kulisoma tarehe yake kwa sauti ya chini, tarakimu moja moja.

La pili ni kijichumba cha Nabii Yahya. Wagenova wanaamini majivu yake yamo humo, na kwa karne nyingi wanawake walikatazwa kuingia, kwa kuwa ni wanawake waliosababisha akatwe kichwa. Nilifanya kosa la kumweleza mama hilo. "Na aliyetoa amri alikuwa nani, si mwanamume?" Msimamizi akaanza kuzima taa.

Chemchemi ya Piazza De Ferrari, Porta Soprana na minara yake miwili ya mwaka 1155, nyumba ya Columbus ambayo kwa kweli ilijengwa upya karne ya 18: tulipita, tukapiga picha, na kama ningekuwa na akili tungeziacha. Ni mpando wa kwenda na mteremko wa kurudi kwa ajili ya picha tatu.

Chakula cha mchana ndicho nilichokipatia siku ile. Chini ya matao ya Sottoripa, yanayotazama bandari, kuna vijiduka vya kukaangia samaki na kuchoma farinata. Farinata ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, unamiminwa kwenye sinia kubwa la shaba na kutiwa tanuri la kuni. Hamna yai, hamna maziwa, hamna nyama. Inatoka nyembamba, juu imekauka, ndani laini. Mama akatafuna, akafumba macho. "Badia iliyolazwa," akasema. Aliomba kipande cha pili, akanyunyizia pilipili manga nyingi mpaka muuzaji akamtazama. Vipande vitatu, sahani ya dagaa wa kukaanga na maji: euro 17. Nendeni kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo majiko mengi ya mji hufungwa hadi usiku, na mwenye njaa saa tisa atakula mkate baridi.

Ng'ambo ya matao hayo kuna Palazzo San Giorgio, jengo la mwaka 1260 lenye michoro usoni. Inasimuliwa kwamba Marco Polo alifungwa humo baada ya kukamatwa vitani na Wagenova, na mwaka 1298 akiwa mfungwa alimhadithia safari zake Rustichello wa Pisa, naye akaandika. Ndani ya masimulizi hayo kuna kisiwa cha Zanghibar. Ndiyo, sisi. Hakuwahi kukanyaga, ila alisema mzunguko wake ni maili 2,000. Nilimwonesha mama jengo, nikamsimulia. Akafikiri.

"Alimsikia nani?"

"Mabaharia, mama."

"Ah. Mabaharia," akasema, kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Baba yake alikuwa baharia.

Bandari yenyewe ya zamani, Porto Antico, ilitengenezwa upya na msanifu majengo Renzo Piano kwa ajili ya mwaka 1992, miaka 500 tangu safari ya Columbus. Ni tambarare, ina viti vya bure, viti kweli, mbele ya maji. Ningejua, ningempumzisha huko saa nzima. Tulikaa dakika ishirini kwa sababu orodha yangu ilikuwa inanidai. Kwa mbali ukaonekana mnara wa taa, Lanterna, wa mwaka 1543, wenye urefu wa meta 77. Nikamwambia mama kwamba hata neno jinzi lina asili hapa: kitambaa kigumu cha mabaharia, na jina la mji huu kwa Kifaransa ni Gênes. Akaiangalia suruali yangu iliyochanika gotini. "Basi wewe umevaa ya baharia aliyezama."

Kosa la mwisho lilikuwa la ramani. Kutoka Via Garibaldi, asubuhi, tulikuwa dakika mbili tu kutoka Portello, penye lifti ya kupanda Castelletto, mahali pa juu pa kuutazamia mji. Sikuiweka hapo, niliiweka jioni, "tukatazame machweo." Kwa hiyo saa kumi tukaanza kupanda upya mji ule ule tulioteremka, mama ananiegemea, hatuongei. Nilimwambia bado kidogo mara tatu. Mara ya nne alisimama. "Usiniambie kidogo. Niambie hatua ngapi." Nikanyamaza, maana sikuzijua.

Unapita njia ndefu ya chini kwa chini, halafu kilifti kinakupandisha hadi kibanda cha vioo cha mwanzoni mwa karne ya 20, na mbele yako ni mapaa ya kijivu, minara, winchi za bandari na bahari yote. Mvua ilikuwa imekatika. Mama akatafuta pembe, akatandika kanga yake ya akiba, akaniuliza kibla. Alijumuisha adhuhuri na alasiri, za msafiri, rakaa mbili mbili, amekaa kwenye benchi kwa sababu ya goti. Watu walipita na mbwa wao. Alipomaliza hakuinuka. Tulikaa hapo mpaka taa zikawaka chini, na ile orodha niliifuta.

Kurudi stesheni tulipitia Via di Prè, ambako watu wengi wa mtandaoni watakwambia usipite usiku. Shika mkoba wako kama unavyoushika Darajani, na pita. Kuna maduka ya Waafrika na Waasia, mihogo, ndizi mbichi, mawese, vitambaa. Mama alisimama mbele ya mihogo akaipigapiga kwa kucha kusikiliza. Mwenye duka akatoka, mama akamtolea salamu, akaitikia mara moja: waalaykumu salaam. Hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Yule kijana aliliona goti lenye bendeji, akaingia ndani, akatoka na kreti la soda, akaligeuza, akatandika juu yake gazeti lililokunjwa, akaliweka ukutani nje ya mlango. Mama akaketi. Akavua kiatu kimoja. Akawa anatazama watu wakipita kama anavyofanya nyumbani baada ya alasiri, na mimi nikasimama pembeni nimeshika mihogo kilo mbili niliyolazimika kuinunua.

Treni ya saa mbili kasoro robo usiku. Tiketi nilizigonga mara mbili kila moja, kwa hasira, mpaka mashine ikanilalamikia. Mama alilala kabla ya njia za milimani. Mkaguzi hakuja.

Sasa yupo Unguja. Dada ananiambia wageni wakija huoneshwa karatasi tatu za Genova zilizobandikwa kwenye albamu, tiketi mbili na ile risiti ya faini, na kwamba risiti ndiyo ameiweka katikati, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ghali.